Mwezi wa Hadithi za Watoto Kwenye Ardhi ya Almasi na Dhahabu

Mwezi Juni wote sikugusa kitabu cha watu wazima. Shule zilikuwa zimefungwa, wakulima wa Kishapu wako kwenye foleni ya mizani ya chama chao cha ushirika (AMCOS) na magunia yao ya pamba, nami nilijipa kazi moja tu: kusoma hadithi zilizoandikwa kwa ajili ya watoto na vijana, kuanzia vitabu vya picha vyenye sentensi tatu kwa ukurasa hadi riwaya wanazozibeba wanafunzi wa kidato cha nne. Nyingine niliziazima maktaba hapa Shinyanga mjini, nyingine nikazipata kwa wauza vitabu vilivyotumika kule Kahama, na zilizobaki nilizitoa kwenye begi la mpwa wangu aliye kidato cha tatu.

Wazo lenyewe lilianzia kwake. Nilimkuta na *Takadini*, riwaya ya Ben Hanson inayotoka Zimbabwe, ambayo kwa miaka mingi imekuwa kwenye orodha ya vitabu vya fasihi ya Kiingereza katika sekondari zetu. Nikamuuliza amefika wapi.

"Nimeshamaliza, mjomba."

Akanionyesha daftari. Dhamira, migogoro, wahusika na tabia zao, vyote vimepangwa kwa namba, mwandiko safi kabisa. Kitabu chenyewe alikuwa amekifungua kurasa chache za mwanzo. Binti huyu si mvivu hata kidogo. Shuleni kwao nakala ni za kugombea, mwalimu ana mada za kumaliza kabla ya mtihani, na mtihani unauliza dhamira. Kwa hiyo anajua kwamba Sekai ni mama jasiri, na anaweza kutoa hoja tatu za kuthibitisha ujasiri huo. Alichokuwa hajui ni jinsi Sekai alivyotoroka usiku na mtoto mgongoni.

Tukakisoma upya, jioni, nje, mwanga wa taa ya sola ukitutosha. Yeye anasoma Kiingereza kwa sauti, mimi nawasimulia wadogo zake kwa Kiswahili, na pale wadogo walipokwama bibi yao akamalizia kwa Kisukuma.

Sekai amekaa na mumewe Makwati miaka mingi bila mtoto huku wake wenzake wakizaa. Hatimaye anajaliwa mwana, na mwana huyo anazaliwa na ualbino. Desturi ya kijiji haina neno lingine juu ya mtoto wa namna hiyo ila kifo. Mama anaukimbia ukoo wake, anapita porini, anafika kijiji cha mbali, na huko mzee Chivero, mpiga mbira, anawapa hifadhi. Mtoto anakua akitengwa na watoto wenzake, lakini anajifunza ala ile kwa mzee, na msichana aitwaye Shingai anamwona kwa jicho tofauti na walivyomwona wengine.

Kilichonishika ni kwamba Hanson hawageuzi wanakijiji kuwa mazimwi. Wanaotaka mtoto afe ni wazee wenye busara ya mambo mengine, wanaojua mvua na mifugo, watu ambao Sekai amewapikia na kula nao. Msomaji wa miaka kumi na tano anaachwa alibebe hilo mwenyewe.

Na kulibeba hapa kwetu ni kuzito. Kuanzia mwaka 2007 mikoa ya Kanda ya Ziwa ilitajwa duniani kote kwa mauaji ya watu wenye ualbino. Waganga matapeli waliwauzia watu imani kwamba viungo vya binadamu mwenzao vinavuta dhahabu kwenye duara, yaani shimo la mchimbaji, na samaki kwenye wavu. Februari 2015, huko Chato mkoani Geita, mtoto wa mwaka mmoja alinyakuliwa nyumbani kwao, mama yake akajeruhiwa akimpigania, na baadaye mwili wa mtoto ukapatikana umekatwa. Hapa Shinyanga, Shule ya Buhangija ililazimika kuwapokea watoto wenye ualbino kwa mamia, wakiletwa kutoka vijijini ili wawe salama. Wapo waliofika wadogo sana na kukulia humo. Ni Sekai wangapi walioishia kumkabidhi mtoto wao kwenye geti la bweni na kurudi peke yao?

Tulipofika katikati ya kitabu mpwa wangu aliacha kusoma. "Mjomba, wale wazee waliosema auawe, baadaye walijisikiaje?"

Swali hilo halimo kwenye daftari lake, na sijaliona kwenye mtihani wowote. Lakini ndilo lililonipa kipimo cha vitabu vingine vyote vya mwezi ule. Kila nilipofunga kitabu nilijiuliza jambo moja: mwandishi huyu amemwamini mtoto? Amempa jambo lenyewe, pamoja na uchungu wake, au amemvunjia vipande na kumtafunia?

Emmanuel Mbogo amemwamini. *Watoto wa Mama Ntilie*, iliyotoka mwaka 2002, ni riwaya ya Dar es Salaam: mama anauza chakula, baba ni mlevi, na watoto wao Peter na Zita wanafukuzwa shule kwa sababu ya ada na sare. Mtaa unawapokea kwa jinsi unavyowapokea watoto wa namna hiyo, kwa majalala na kwa watu wazima wenye kazi chafu za kuwapa. Nilikuwa nimeisoma zamani nikaiona ni riwaya ya kusikitisha. Safari hii niliisoma nikiwa Nyarugusu, Geita, kwa mwenyeji wangu ambaye nyumba yake iko jirani na makarasha yanayosaga mawe kutwa nzima. Vumbi lake linafunika hata majani ya mihogo. Watoto wa jirani walikuja kusikiliza, wengine wakiwa bado na matope ya mwalo wa kuoshea dhahabu miguuni.

Hawakumwonea Peter huruma. Walimpa ushauri. Mvulana mmoja alitaka kujua kwa nini anahangaika na jalala wakati angeweza kwenda kwenye karasha, ambako jioni unaondoka na hela. Mwingine akamjibu kwamba Dar hakuna makarasha, na kwamba jalala la Dar ni kama magwangala: mawe ambayo mgodi mkubwa umeyaona hayafai, na watu wanayapekua upya wakitafuta punje iliyosahaulika. Nimesoma uhakiki mwingi wa riwaya hiyo. Sijawahi kuona mahali inapoelezwa vizuri kuliko hapo.

Watoto hawa wanajua mengi. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto katika machimbo madogo ya dhahabu ya Tanzania, likiwa limewahoji Geita, Kahama na Chunya. Lilieleza watoto wanaoshuka kwenye maduara marefu, wanaobeba viroba vya mawe, wanaoponda, na wanaochanganya zebaki kwa mikono mitupu kisha kuichoma moto ili ibaki dhahabu. Mtoto anayejua zebaki inavyoshika dhahabu na kuiachia ana akili ya kutosha kwa riwaya yoyote. Ndiyo maana nilivumilia kidogo sana vile vitabu vya picha ambavyo mhusika wake ni mtoto mtiifu anayepiga mswaki.

Nisieleweke vibaya. Michoro imeboreka mno kuliko enzi zetu, na kazi ya kuwafikishia watoto vitabu hivi ina historia ya watu waliojitolea. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza mwaka 1991 uliwanunulia wachapishaji sehemu kubwa ya nakala walizochapa na kuzipeleka shuleni, wakati ambapo hakuna mfanyabiashara aliyetaka kuchapa hadithi ya mtoto. Bila mradi huo, waandishi wengi tunaowajua leo wasingepata pa kuanzia. Lakini katika rundo nililorudi nalo kutoka maktaba, hadithi nyingi mno zinaishia kwenye funzo. Mtoto akipanda mti aliokatazwa, ataanguka kabla ya ukurasa wa kumi na mbili. Sungura, ambaye kwa bibi zetu alikuwa mjanja asiye na haya, kwenye vitabu hivyo anaomba msamaha. Wadogo wa mpwa wangu walikuwa wanabashiri mwisho wakiona tu picha ya jalada, na walikuwa wanapatia.

Waulize waliosoma shule ya msingi nchi hii miaka ya zamani wanakumbuka nini kwenye vitabu vyao vya Kiswahili. Watakutajia Bulicheka na Wagagagigikoko, na macho yatawang'aa. Hakuna atakayekwambia funzo lake lilikuwa nini. Wanakumbuka jina lile la ajabu na hofu tamu ya kutojua litakalofuata, na nina hakika ni hofu hiyo iliyowafanya baadhi yao wawe wasomaji maisha yao yote.

Vitabu vyetu vina deni pia kwa wasichana. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa Shinyanga, wakati huo ikiwa bado mkoa mkubwa kabla ya kumegwa mwaka 2012, ilikuwa mbele ya mikoa yote kwa ndoa za utotoni: asilimia 59 ya wanawake wa umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Mwaka 2016 Rebeca Gyumi alishinda kesi Mahakama Kuu dhidi ya vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 14 au 15, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaukubali ushindi huo. Kwa binti anayetaka kuona jambo la namna hiyo ndani ya hadithi, orodha ya shule inampa *Unanswered Cries* ya Osman Conteh, ambamo Olabisi wa Sierra Leone, mwenye miaka 14, anakataa kukeketwa na suala linafika mahakamani. Ni riwaya nzuri, ina mwendo, mpwa wangu aliimaliza kwa siku mbili bila kusukumwa. Ila iko kwa Kiingereza, na mila inayopingwa humo si ile inayomkabili binti wa Kishapu, ambaye kwake tishio linakuja na ng'ombe wa mahari.

Kitabu cha zamani kuliko vyote nilichosoma mwezi huo ni *Mashimo ya Mfalme Sulemani*. H. Rider Haggard alikiandika kwa Kiingereza mwaka 1885 na kukitabaruku kwa wavulana, wakubwa kwa wadogo. Tafsiri ya Kiswahili ilitoka mwaka 1929, mkono wa Frederick Johnson, aliyekuja kuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Wazee wa hapa waliokisoma shuleni bado wanakisifia, na Kiswahili chake kweli kinateleza. Waingereza watatu wanavuka jangwa kwenda kutafuta almasi katika nchi ya Waafrika. Wenyeji ni wapagazi, au ni askari, au ni mfalme anayerudishiwa kiti chake kwa msaada wa wageni, na mwishowe mawe yanaondoka na wageni mfukoni.

Miaka kumi na moja baada ya tafsiri hiyo, John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, aligundua almasi Mwadui, mwendo mfupi kwa gari kutoka mahali ninapoandikia makala haya. Mwaka 1947 mgodi wake ulitoa jiwe la rangi ya waridi la karati 54.5. Akalitoa zawadi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza aliyekuwa anaolewa mwaka huo. Lilichongwa likabaki karati 23 na kitu, likawekwa kwenye bruchi yenye umbo la ua, na dunia ikaliona kifuani mwake akiwa Malkia. Hadithi imejitunga yenyewe hapo: jiwe, harusi, bahari, taji. Watoto wa Maganzo wanapita jirani na uzio wa mgodi huo wakienda shule. Ninachotamani kusoma ni hadithi hiyo ikianzia kwa mtoto wa mfanyakazi wa Mwadui mwaka ule wa 1947, aliyesikia baba yake akirudi jioni na kusema leo limeonekana jiwe ambalo halijawahi kuonekana.

Hadithi bora ya mwezi haikuwa kwenye kitabu. Ilikuwa ya Masala Kulangwa, na ilisimuliwa na bibi wa wapwa zangu kwa Kisukuma baada ya kuchoka kutusikiliza sisi. Zimwi Shing'weng'we limemeza watu wote, ng'ombe wote, kuku wote. Amebaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye mapumba. Anajifungua mvulana, mvulana anakua na kuuliza watu wengine wako wapi. Mama anamwambia ukweli. Hamwambii wamesafiri. Basi kijana anaanza kuwinda. Anarudi na panzi: mama, Shing'weng'we ndiye huyu? Siye. Anarudi na ndege. Siye. Anarudi na paa. Siye. Watoto waliokuwa wamelala waliamka wakawa wanajibu "siye" pamoja na bibi. Mwisho anakutana na zimwi lenyewe, analiua, analipasua tumbo, na watu wanatoka, ng'ombe wanatoka.

Ningekuwa mwandishi wa vitabu vya mafunzo ningeishia hapo. Wasukuma hawakuishia. Kisu cha Masala Kulangwa, wakati anapasua, kilikata sikio la bibi kizee aliyekuwa ndani ya tumbo. Bibi kizee anatoka na hasira, anamtukana mwokozi wake, anataka kumroga. Na kijana, badala ya kumkumbusha nani amemtoa tumboni mwa zimwi, anakwenda kutafuta dawa, anamtibu sikio. Ndipo watu wanamtaka awe mtemi wao.

Hebu fikiria mambo anayoaminiwa nayo mtoto wa miaka sita katika hadithi hiyo moja. Kwamba jamii nzima inaweza kumezwa. Kwamba ukombozi una damu, na aliyeumia wakati wa kukombolewa ana haki ya kulalamika. Kwamba aliyeshinda bado ana kazi ya kutibu. Mtoto wa kijijini hapa mara nyingi anaingia darasa la kwanza akiwa na Kisukuma tu kinywani, anakuta Kiswahili, na kabla hajakizoea vizuri anaambiwa aanze Kiingereza. Tunamhesabu kuwa amekuja mikono mitupu, kumbe amekuja na Masala Kulangwa. Mtu akimchorea kitabu hicho kwa Kiswahili kizuri, asiliondoe sikio.

Ipo hadithi nyingine ambayo sikuipata mwezi mzima, ingawa niliitafuta. Oktoba 2015 duara liliporomoka katika machimbo ya Nyangalata, Kahama. Wachimbaji waliokuwa chini walihesabiwa kuwa wamekufa. Katikati ya Novemba, baada ya siku 41, watano wakatolewa wakiwa hai. Walikuwa wameishi kwa mizizi, mende, vyura na maji yaliyokuwa yakidondoka kwenye mwamba. Wakati Chile ilipowapandisha juu wachimbaji wake 33 mwaka 2010, baada ya siku 69, haukupita mwaka kabla Marc Aronson wa Marekani hajawaandikia vijana kitabu kizima, *Trapped*, kinachoeleza mwamba ulivyovunjika, chakula kilivyogawanywa kwa vijiko, na wahandisi walivyotoboa kuwatafuta. Filamu nayo ikafuata. Wachimbaji wa Chile walipata kamera za dunia nzima na mashine kutoka nchi kadhaa. Watano wa Nyangalata waliokolewa na wachimbaji wenzao, watu wa kanda hii hii, na habari zao zilidumu magazetini siku chache.

Nilipowasimulia watoto wa Nyarugusu kisa hicho, ukimya wao ulinitisha kidogo. Halafu maswali yakaja yote kwa pamoja. Betri za tochi ziliisha siku ya ngapi? Walijuaje kumekucha? Nani alikuwa anakamata vyura? Walikuwa wanasikia watu juu? Huku nyumbani, matanga yalikuwa yameshaanuliwa? Mmoja, ambaye kaka yake ni mchimbaji, aliuliza kama walirudi tena kushuka.

Mwandishi atakayetaka kazi hiyo ana pa kuipeleka. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na iliyotoa washindi wake wa kwanza Aprili 2023, sasa inashindanisha pia hadithi za watoto. Wachapishaji wapo. Walioshuhudia wapo, na wengi bado wako kazini machimboni. Kinachotakiwa ni mtu wa kwenda Kahama na daftari, akae na watu hao wakiwa bado wanakumbuka harufu ya lile giza, kisha aandike kwa ajili ya msomaji wa miaka kumi na miwili ambaye tayari anajua duara ni nini. Aeleze mgao wa maji. Aeleze ugomvi, maana siku 41 haziwezi kupita bila ugomvi. Na yule wa sita, aliyefia chini kabla wenzake hawajafikiwa, naye awe na sura yake kwenye kitabu.